Walinawa baada ya kazi: kwa nini vidonda vilioza hospitalini

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja mkoani Morogoro. Nilikuwa nafundisha habari za Ulaya ya karne ya 19, nikataja kwamba dawa ya usingizi ilianza kutumika kwenye upasuaji mwaka 1846. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: “Kama walishapata dawa ya usingizi, mbona watu waliendelea kufa wakipasuliwa?” Nikakwama. Nilipotafuta nikakuta jambo la kushangaza zaidi, kwamba aliyekatwa mguu hospitalini alikuwa na hatari kubwa ya kufa kuliko aliyekatwa nyumbani kwake. Inawezekanaje? Madaktari hawakuwa wakinawa? Halafu mama yangu husema usaha mzito mweupe ni dalili kwamba kidonda kinapona, na nimesoma kuwa hata mabingwa wa zamani waliamini hivyo. Naomba unifafanulie, na kama kuna lolote la huku kwetu nitashukuru.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mpe huyo mwanafunzi hongera yake. Tumezoea kusimuliwa kwamba dawa ya usingizi ilipokuja, upasuaji ukawa salama. Haukuwa salama hata kidogo. Uliacha kuuma, basi. Kwa miaka kama 20 baada ya hapo watu waliendelea kufa vilevile, na pengine zaidi.

Kabla ya 1846 mpasuaji alishindana na saa. Robert Liston wa London alisifika kwa kukata mguu kwa muda usiofika dakika tatu, mgonjwa akiwa macho na wanaume wenye nguvu wakiwa wamemkandamiza mezani. Mtu hakukubali kisu mpaka maji yamezidi unga. Etha, ndiyo dawa ya usingizi yenyewe, ilipoingia (Liston mwenyewe aliitumia Desemba 21, 1846), mgonjwa akalala kimya na daktari akapata nafasi ya kufanya kazi bila haraka. Akachokonoa ndani zaidi. Akakubali wagonjwa ambao zamani angewarudisha nyumbani. Waliopasuliwa wakaongezeka, na vidole vikakaa ndani ya jeraha kwa muda mrefu kuliko zamani, vidole ambavyo asubuhi ile vilikuwa ndani ya jeraha la mtu mwingine.

Wengi wao hawakufia mezani. Mgonjwa aliamka, akanywa supu, siku ya kwanza na ya pili akazungumza na ndugu zake. Siku ya tatu au ya nne akaanza kutetemeka kwa baridi hadi meno kugongana, homa ikapanda, kidonda kikavimba na kubadilika harufu. Madaktari wa wakati ule walikuwa na majina manne kwa yaliyofuata. Erisipela ilikuwa wekundu unaong'aa, wenye ukingo unaoonekana wazi, ukitambaa kwenye ngozi saa hadi saa. Piemia ilikuwa usaha uliosafiri na damu na kutunga majipu mapya mapafuni, kwenye ini, kwenye maungio. Septisemia iliua kwa kasi, kabla hata jipu halijapata muda wa kutunga.

La nne waliliita donda ndugu la hospitali, na jina lenyewe linakwambia mengi. Kingo za kidonda zilikuwa kijivu, nyama ikayeyuka na kuteleza, na kidonda cha ukubwa wa sarafu kikaweza kuwa cha ukubwa wa kiganja baada ya siku chache. Lilizuka wodini, likatoka kitanda hadi kitanda. Daktari wa kijijini aliweza kustaafu bila kuliona hata mara moja. Leo limetoweka kiasi kwamba wataalamu wanabishana lilikuwa bakteria gani hasa, au mchanganyiko gani.

Sasa kuhusu nyumbani na hospitalini. Ulichosoma ni kweli, na tuna hesabu yake. James Young Simpson wa Edinburgh, yuleyule aliyeanzisha matumizi ya klorofomu, dawa nyingine ya usingizi, mwaka 1847, aliwaandikia madaktari wa vijijini kote Uingereza akiwaomba takwimu zao za kukata viungo. Mwaka 1869 akachapisha matokeo. Kwa waliokatwa hospitalini, kati ya watu 2,089 walikufa 855. Kwa waliokatwa vijijini, wengi wao kwenye nyumba zao wenyewe, kati ya 2,098 walikufa 226. Yaani 41 kwa kila 100 upande mmoja, na 11 upande mwingine. Tena kadiri hospitali ilivyokuwa kubwa ndivyo ilivyoua zaidi. Simpson aliandika kwamba mtu aliyelazwa juu ya meza ya upasuaji hospitalini alikabiliwa na hatari kubwa ya kufa kuliko askari wa Kiingereza katika uwanja wa vita wa Waterloo.

Wenzake walimpinga, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Walisema hospitali za mijini zilipokea majeruhi wa viwandani na wa reli, watu waliopondwapondwa, wakati daktari wa kijijini alipata mkulima mwenye afya aliyevunjika mguu. Kuna ukweli hapo. Lakini tofauti ya 41 na 11 ni kubwa mno kuelezwa na hilo peke yake. Simpson aliona sawasawa kwamba hospitali yenyewe ndiyo iliyoua. Alipokosea ni dawa aliyopendekeza. Alitaka majengo makubwa yaachwe, wagonjwa wawekwe kwenye vibanda vidogo vya mbao au chuma vinavyoweza kubomolewa. Alidhani kilichooza ni nyumba.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, mwalimu. Usifikirie watu wale hawakutafuta sababu. Walitafuta sana, ila walitafuta kwa pua.

Wodi ya upasuaji ya wakati ule ilinuka. Ilinuka hata nje ya mlango, na madaktari wakaizoea hadi wengine wakaichukulia kama harufu halali ya kazi yao. Elimu waliyorithi ilisema kwamba magonjwa huletwa na hewa iliyochafuka, mvuke unaopanda kutoka kwenye vitu vinavyooza: madimbwi, makaburi, vyoo, vidonda. Mahali penye uvundo pana vifo, na hospitalini palikuwa na vyote viwili. Kwa hiyo wakafungua madirisha. Wakapaka kuta chokaa. Wakapanua nafasi kati ya kitanda na kitanda. Mambo hayo yalisaidia kiasi, hasa kwa magonjwa mengine. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alisimamia usafi wa hospitali za vita kwa imani hiyohiyo ya hewa mbaya, na bado aliokoa watu. Lakini kidonda cha mguu uliokatwa hakikujali dirisha liko wazi au limefungwa.

Umeuliza kama hawakuwa wakinawa. Walinawa. Walinawa baada ya kazi, kama mchinjaji anavyonawa, ili waende kula. Kabla ya kazi haikuwa na maana, kwa sababu mikono ingechafuka tena baada ya dakika moja. Koti la kupasulia lilikuwa koti kuukuu lililotundikwa kwenye msumari, limekauka damu na usaha wa miaka, na kwa baadhi yao ugumu wa koti ulikuwa ushahidi wa uzoefu, kama vile fundi gereji anavyojulikana kwa ovaroli lake. Nyuzi za hariri za kufungia mishipa ya damu zilining'inizwa kwenye tundu la kifungo ili zipatikane haraka. Mpasuaji akihitaji mkono wa pili, kisu alikishika kwa meno. Ncha za nyuzi hizo ziliachwa zikitokeza nje ya kidonda makusudi, ili zivutwe baadaye zitakapokuwa zimeoza na kulegea. Fikiria hilo: kuoza kulikuwa sehemu ya mpango.

Kisha njoo wodini asubuhi. Muuguzi anapita na beseni moja na sponji moja. Anaosha kigutu cha mgonjwa wa kitanda cha kwanza, anakamua sponji, anaenda cha pili, anakamua, anaenda cha tatu. Alikuwa anajali, na ndiyo maana aliosha. Kama angekuwa mvivu pengine wangepona wengi zaidi. Daktari naye anafuata akiingiza kidole kupima kina cha kila kidonda, na huenda ametoka moja kwa moja kwenye chumba cha maiti, ambako alikuwa anapasua aliyekufa jana ili ajue amekufa na nini.

Daktari wa kijijini je? Koti lake halikuwa safi zaidi, wala hakuchemsha visu. Tofauti ni kwamba hakuwa na kitanda cha pili. Mguu mmoja mwezi huu, jino moja wiki ijayo, na ng'ombe kadhaa katikati. Hakuwa na chumba cha maiti. Usaha wa mgonjwa wake haukupata mtu mwingine wa kumwendea.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka wodi ya wazazi, si ya upasuaji. Katika hospitali kuu ya Vienna kulikuwa na kliniki mbili za uzazi zenye kupokea akina mama kwa zamu. Ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa udaktari, ya pili ilifundisha wakunga. Mwaka 1846 kliniki ya madaktari ilipoteza zaidi ya akina mama 11 kwa kila 100 kwa homa ya uzazi, ya wakunga chini ya 3. Jengo moja, hewa moja, chakula kilekile. Wanawake wa mjini walijua. Walipiga magoti wakiomba wasilazwe ya kwanza, na wengine walijifungulia barabarani wakiwa njiani. Hao wa barabarani walipona vizuri kuliko waliowahi kufika.

Daktari kijana Mhungaria, Ignaz Semmelweis, alikosa usingizi juu ya jambo hilo. Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka, aliyekuwa akifundisha uchunguzi wa maiti, alichomwa kidole na kisu cha mwanafunzi mbele ya maiti, akafa. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake akaona ni mambo yaleyale aliyokuwa akiyaona kwa akina mama. Wakunga hawakupasua maiti. Wanafunzi wa udaktari walipasua kila asubuhi, kisha wakaenda kuwapima wanawake kwa vidole vilevile. Kwa hiyo Mei 1847 akawalazimisha wote wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuingia wodini. Aprili vifo vilikuwa 18 kwa kila 100. Juni vilikuwa 2.

Kwa nini klorini? Kwa sababu sabuni haikuondoa harufu ya maiti vidoleni, na klorini iliiondoa. Pua tena. Safari hii iliongoza vizuri, ingawa Semmelweis hakujua kitu chochote kuhusu bakteria. Alisema ni “chembechembe za maiti”, na wakubwa wake hawakupenda kuambiwa kwamba wao ndio waliokuwa wakiua. Yeye naye hakuwa mtu wa maneno laini. Aliondoka Vienna, kitabu chake hakikutoka hadi 1861, na kikatoka kimejaa hasira.

Nitakaa zaidi na mtu wa pili, kwa sababu ndiye anayejibu hasa swali la vidonda. Joseph Lister alizaliwa Uingereza mwaka 1827. Baba yake aliuza mvinyo, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye lenzi, na ni mmoja wa walioiboresha hadubini hadi ikaaminika. Kijana alikua akichungulia. Mwaka 1861 akapewa wodi katika hospitali ya Royal Infirmary, Glasgow, kwenye jengo jipya la upasuaji. Jengo hilo lilijengwa kwa fahari, na watu wakafa ndani yake kama kwenye la zamani. Kwenye wodi yake ya majeruhi karibu nusu ya waliokatwa viungo walifariki.

Kisha sababu ikaonekana kupatikana, na ilikuwa sababu ya kutisha. Walipochimba nje ya jengo, inchi chache tu chini ya uso wa ardhi, usawa mmoja na sakafu ya wodi, wakakuta majeneza yamepangwa tabaka juu ya tabaka. Walikuwa waliokufa kwa kipindupindu mwaka 1849, wamezikwa kwa haraka, na nguo walizozikwa nazo bado zilitambulika. Upande mwingine jengo lilipakana na makaburi ya kanisa kuu, mahali ambapo maskini walizikwa kwenye mashimo ya pamoja. Kwa mtu anayeamini hewa mbaya, kesi imekwisha. Nani angepona akilala juu ya kaburi?

Lister alikuwa ameshaanza kuwaza tofauti. Profesa wa kemia chuoni kwake, Thomas Anderson, alimwelekeza kwenye maandiko ya Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyeonyesha kwamba kuoza na kuchacha hakuletwi na hewa yenyewe bali na viumbe hai vidogo vilivyomo. Lister akaunganisha na jambo ambalo kila mpasuaji alilijua bila kulifikiria. Mfupa ukivunjika ndani ya ngozi isiyopasuka, mtu anapona bila usaha hata tone. Ukitoboa ngozi, kidonda kinaoza na mara nyingi mguu lazima ukatwe. Mfupa ni uleule, na mtu anavuta hewa ileile. Kilichobadilika ni kwamba mlango umefunguka.

Pasteur aliua viumbe vyake kwa moto. Mguu wa mtu huwezi kuuchemsha. Ndipo Lister akakumbuka habari za mji wa Carlisle, ambako asidi ya kaboliki, inayopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe, ilimwagwa kwenye maji taka yaliyokuwa yakipelekwa mashambani. Uvundo ulikatika, na ng'ombe waliolisha pale wakaacha kuugua minyoo. Unaona? Pua ilimfikisha na yeye kwenye dawa.

Agosti 12, 1865 akaletewa James Greenlees, mvulana wa miaka 11, aliyekanyagwa na gurudumu la mkokoteni. Mfupa wa mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika na kutoboa ngozi. Kwa desturi ya wakati ule, wengi wangeukata. Lister akaweka kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki, akafunika na karatasi ya bati isikauke, akaufunga mguu kwa vibao. Siku nne hakufungua. Alipofungua, hakukuwa na usaha. Baada ya wiki kama sita mtoto alitembea kwa miguu yake miwili kutoka hospitalini. (Siku moja baada ya kidonda cha Greenlees kufungwa, Agosti 13, 1865, Semmelweis alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Vienna, naye kwa kidonda kilichooza. Hawakuwahi kukutana.)

Mwaka 1867 Lister akachapisha wagonjwa wake 11 wa aina hiyo. Tisa walipona na viungo vyao, mmoja alikatwa, mmoja alikufa. Mwaka 1870 akatoa hesabu ya kukata viungo: kabla ya mpango wake, katika miaka ya 1864 na 1866, walikufa 16 kati ya 35; baada yake, 1867 hadi 1869, walikufa 6 kati ya 40. Mtaalamu wa takwimu wa leo angenung'unika kwamba idadi ni ndogo, na angekuwa na haki. Mimi kinachonishawishi zaidi ni jambo jingine alilolitaja mwaka 1867: kwa miezi tisa iliyotangulia wodini mwake hakukutokea erisipela, piemia wala donda ndugu la hospitali hata mara moja. Makaburi ya maskini yalikuwa palepale ukutani.

Ungedhani dunia ingemkimbilia. Haikumkimbilia, na si kwa ukaidi tu. Asidi ile iliunguza ngozi ya daktari na ya mgonjwa. Lister alibadilisha mbinu zake mara kwa mara, hivi kwamba aliyejifunza mwaka huu alikuta mwakani mwalimu amehama. Kulikuwa pia na waliofanikiwa bila kaboliki. Lawson Tait wa Birmingham alimdharau waziwazi, akatumia sabuni na maji yaliyochemshwa, na wagonjwa wake walipona vizuri sana. Hakuamini vijidudu vya Lister, lakini mikono yake haikuvibeba.

Hata Lister mwenyewe bado alikuwa na pua ya zamani kichwani. Aliamini kwamba adui mkubwa yumo hewani, kwa hiyo mwaka 1871 akaanzisha mashine ya kunyunyiza mvuke wa kaboliki juu ya mgonjwa wakati wa upasuaji. Chumba kizima kikalowa, madaktari wakakohoa. Mwaka huohuo aliitwa Balmoral, kasri la kifalme huko Uskoti, kumpasua Malkia Victoria jipu la kwapani, na dawa ikamrukia malkia usoni. Na mtu huyuhuyu aliyewalilia wenzake kuhusu vijidudu aliendelea kwa muda mrefu kupasua akiwa na koti la kawaida la kutembelea, amekunja mikono tu. Mwaka 1890 alisimama mbele ya mkutano wa madaktari Berlin akasema anaona aibu kwamba aliwahi kupendekeza ule mvuke. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa mguu wa Greenlees.

Waliokamilisha kazi walikuwa hasa Wajerumani. Johann von Nussbaum wa Munich alikuwa na hospitali ambayo mwaka 1874 donda ndugu lilishika vidonda 80 kati ya kila 100. Akamtuma msaidizi wake kwa Lister, akabadili utaratibu wote kwa pamoja mwaka 1875, na ugonjwa ukatoweka. Robert Koch mwaka 1878 akaonyesha kwamba maambukizi tofauti ya vidonda yana bakteria wake tofauti. Ernst von Bergmann wa Berlin akaacha kupigana na vijidudu ndani ya kidonda, akaanza kuvizuia visifike: vifaa na nguo zikapikwa kwa mvuke wa moto. Glavu za mpira zilianza Baltimore, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1880, na hazikuanza kwa ajili ya mgonjwa. William Halsted aliagiza zitengenezwe kwa sababu muuguzi wake, Caroline Hampton, alikuwa akibabuka mikono kwa dawa za kunawia. Alimwoa baadaye. Wanafunzi wako watalipenda hilo.

Sasa usaha wa mama. Hajakosea peke yake. Yuko na mabingwa wa karne nyingi, waliouita kwa Kilatini usaha “mwema na wa kusifiwa”. Na walikuwa wameona jambo la kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Alexander Ogston wa Aberdeen aliweka usaha wa majipu chini ya hadubini akakuta aina mbili za vijidudu vya duara. Wengine hupangika kama mnyororo, na walikwisha kuitwa streptokokasi. Wengine hukaa vichala kama zabibu. Akawapa jina la stafilokokasi. Stafilokokasi kwa kawaida hutengeneza usaha mzito, mweupe au wa manjano, mwili ukiwa umeuzungushia ukuta ukawa jipu. Streptokokasi mara nyingi hutoa majimaji mepesi, yenye damudamu, na huenea bila kujenga ukuta. Basi mwenye usaha mzito aliishi, mwenye maji mepesi alikufa. Kwa kuwa karibu kila kidonda hospitalini kilioza, kidonda kilichooza polepole kilionekana baraka. Hawakuwa na cha kulinganisha nacho. Mwambie mama kwamba usaha mzito ni bora kuliko maji mepesi yenye uvundo, hapo sawa. Lakini kidonda kinachopona vizuri hakitoi usaha kabisa, na mshono wa upasuaji ukianza kutoa, mweupe au wa rangi yoyote, mgonjwa arudi kwa waliomshona siku hiyohiyo.

La huku kwetu lipo, na ni la ajabu. Mwaka 1879 mwanafunzi wa udaktari wa Edinburgh, Robert Felkin, alikuwa Kahura, katika nchi ya Bunyoro ambayo leo ni sehemu ya Uganda. Aliruhusiwa kushuhudia mganga akimpasua mwanamke wa miaka kama 20 aliyeshindwa kujifungua uzazi wake wa kwanza. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa. Mganga akachukua pombe hiyohiyo akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa, kisha akaosha kwa maji, ndipo akashika kisu. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, kidogokidogo. Mtoto akatolewa hai. Jeraha likabanwa kwa vijiti saba vyembamba vya chuma kilichosuguliwa hadi kung'aa, vikakazwa kwa kamba za gome la mti, kisha likapakwa mizizi iliyotafunwa na kufunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto.

Sitaki kulikuza. Pombe ya ndizi haina nguvu ya kuua bakteria wengi, mizizi iliyotafunwa inatoka kinywani, na aliyoyaona Felkin ni ya mgonjwa mmoja. Hatuna hesabu ya waliokufa. Lakini mganga yule hakuwa anajifunza siku ile. Felkin aliona mtu mwenye utaratibu uliozoeleka. Ndani ya utaratibu huo mikono ilioshwa kabla, kwenye miaka ileile ambayo hospitali nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinabishana kama kuna haja. Vijiti vilitolewa kidogokidogo kati ya siku ya tatu na ya sita. Kila walipobadilisha dawa walikuta usaha kidogo, wakauondoa kwa rojo lililotumika kama sponji, rojo jipya kila mara. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga. Felkin aliyaandika yote katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884, pamoja na mchoro wa tumbo lenye vile vijiti saba. Utafutie darasa lako.